Mita Imeanza Kudanganya: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Bungoma, Kakamega, Nakuru, Molo na Siaya, na karibu zote zinahusu mita ya kupimia umeme iliyozeeka. Tumefupisha maswali, majibu tumeyaacha na urefu wake.

Swali: Inasoma 263, halafu 251, halafu 190

*Hamjambo wahariri. Mimi ni fundi wa stima za nyumba hapa Kondele, Kisumu. Mita yangu ya dijitali, inayotumia betri ya volti 9, ina miaka tisa. Siku hizi nikipima soketi inasoma 263, baada ya muda 251, na nikigusa tu kile kitufe cha kuzungusha inarukia 190. Kwenye kioo vipande vya namba vimepotea, 8 inaonekana kama 6. Fundi wa simu anataka shilingi 1,500 abadilishe aisii. Nimpe?*

Ndugu yetu, usimpe. Katika mita nyingi za aina hiyo aisii, yaani chipu inayofanya kazi ya kupima, haina miguu. Imebandikwa kwenye bodi yenyewe na kufunikwa kwa tone la gundi nyeusi, na haitoki bila kufa pamoja na bodi. Isitoshe, dalili ulizotaja hazielekezi kwenye aisii. Zinaelekeza kwenye betri, waya za kupimia, swichi ya kuzungusha na kioo, na vyote vinne unaweza kuvishughulikia mwenyewe jioni moja.

Anza na betri, kwa sababu hiyo hudanganya kimya kimya. Mita hulinganisha umeme unaoupima na kipimo chake cha ndani, ambacho katika mita hizi ni kama milivolti 100. Betri ikiwa na nguvu, kipimo hicho hakitikisiki. Ikishuka hadi volti 7 hivi au chini zaidi, kipimo cha ndani kinasinyaa na kila unachopima kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Ni sawa na fundi cherehani anayepima kitambaa kwa futi iliyokatwa ncha: kitambaa kitahesabika kirefu. Ndiyo maana mita yenye betri iliyochoka husoma juu, wakati watu wengi hutarajia isome chini. Alama ya betri iko kwenye kioo, lakini kwa kioo kilichopoteza vipande kama chako huenda usiione kabisa. Weka betri mpya kabla ya kuamua lolote, na uangalie pia vile vibonyezo viwili vya kiunganishi chake. Vikiwa vimelegea, vibane kidogo kwa koleo.

Pili ni waya. Weka swichi kwenye omu 200 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme), gusanisha ncha mbili, usome. Kati ya 0.1 na 0.5 ni sawa. Sasa kunja kila waya karibu na pini inayoingia kwenye mita, kisha karibu na mshikio, huku ukitazama namba. Ikiruka hadi 3, au ikaonyesha 1 upande wa kushoto peke yake, nyuzi za shaba zimekatika ndani ya mpira. Hapo waya hazitengenezwi. Waya iliyofungwa kwa tepu inaweza kufaa kwenye redio ya volti 6, lakini kwenye stima ya volti 240 kilele cha umeme kinafika karibu volti 340, na kilicho kati ya huo na kidole chako ni ile tepu tu. Nunua jozi mpya ambayo mpira wake ni laini, yenye kingo za vidole kwenye mishikio, na iliyochapwa kiwango chake cha volti.

Tatu ni swichi, na hapa ndipo tunaposhuku ile 190. Chomoa waya zote kutoka kwa chochote unachopima, toa betri, fungua skrubu za nyuma. Piga picha kwa simu kabla ya kuinua bodi. Inua bodi taratibu ukiwa na kitambaa cheupe mezani, maana chini ya kile kitufe mara nyingi kuna vigololi viwili vya chuma vinavyosukumwa na springi ndogo, na vikiruka kwenye sakafu ya duka hutavipata. Pembeni yake kuna vibati vya shaba vilivyokunjwa kama herufi V. Hivyo ndivyo vinavyoteleza juu ya mistari ya bodi na kuchagua unachopima. Utaona mistari hiyo imekuwa na utando mweusi, na mara nyingine mafuta yaliyokauka yaliyoshikana na vumbi. Kwa hewa ya Kisumu yenye unyevu wa ziwa, utando huo huja upesi kuliko sehemu kavu.

Safisha kwa spiriti ya aisopropili, ile wanayosafishia bodi za simu, na vijiti vya pamba. Badilisha kijiti kila kinapochafuka, hadi kimoja kitoke cheupe. Usitumie raba ya penseli wala msasa: mistari mingi imepakwa safu nyembamba sana ya dhahabu au nikeli, na ukiikwangua utabaki na shaba tupu itakayoshika kutu baada ya wiki chache. Usipulizie mafuta ya kulegeza nati pia. Spiriti ya hospitalini nayo tunaikwepa, kwa sababu mara nyingi imechanganywa na vitu vinavyobaki kama utando. Vibati vikiwa vimelala, viinue kwa ncha ya pini kiasi cha unene wa kucha, vyote sawasawa. Grisi kidogo weka kwenye njia ya vigololi peke yake.

Nne, kioo. Namba hazikupotea kwa sababu kioo kimekufa. Kati ya kioo na bodi kuna ukanda wa mpira wenye mistari myembamba, ambao mafundi huuita zebra. Mstari mmoja hupitisha umeme, unaofuata haupitishi. Ukanda ukishika vumbi au ukisogea, vipande vya namba hupotea. Utoe, uupanguse kwa spiriti, safisha pia safu ya vibati kwenye bodi, rudisha bila kuugusa kingo kwa vidole, kisha kaza skrubu kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Ukikaza upande mmoja kwanza, vipande vya upande wa pili vitapotea tena.

Ukimaliza, thibitisha. Soketi ya ukutani peke yake haifai kwa kulinganisha, kwa sababu stima ya mtaani hupanda na kushuka. Azima mita nzuri, mpime soketi ileile kwa wakati mmoja. Kisha fanya hesabu kabla ya kuilaumu yako. Mita nyingi za bei ya chini zimeandikwa kwenye karatasi yake kwamba kwa stima zinaweza kukosea asilimia 1.2 pamoja na tarakimu 10, yaani hatua 10 za namba ya mwisho kwenye kioo. Kwa volti 240 hiyo ni karibu volti 3, na nyingine 10 juu yake. Yaani mita inayosoma 251 pale ambapo kuna 240 haijaharibika. Ndivyo ilivyouzwa. Kwa betri ya gari mambo ni tofauti: asilimia 0.5 na tarakimu 2 kwenye nafasi ya volti 20 maana yake ni kwamba 12.00 inaweza kusomeka kati ya 11.92 na 12.08, na ikitoka nje ya hapo una haki ya kuishuku. Kwa omu, nunua rezista (vipande vya kuzuia umeme kwa kiasi kinachojulikana) nne za usahihi wa asilimia 1: za omu 100, kilo-omu 1, 10 na 100. Ni pesa kidogo sana, na zitakutumikia miaka.

Ikipita, umeiokoa kwa bei ya betri, waya na spiriti. Lakini liko jambo kubwa kuliko tofauti ya 240 na 251. Fundi wa stima za nyumba huiuliza mita yake swali moja kila siku: je, hapa pamekufa, yaani hapana stima? Mita ambayo swichi yake ilikuwa ikiruka inaweza kusoma 0 pale ambapo pana moto wa stima. Kwa hivyo hata baada ya kuisafisha, kila mara pima kwanza mahali unapojua pana stima, kisha pima pale ulipozima, kisha rudi upime pale pa kwanza. Ikikosea mara moja tu katika zoezi hilo, iondoe kwenye kazi ya stima. Itafaa mezani kupimia betri na rezista.

Swali: Nimeweka uzi wa shaba mahali pa fyuzi

*Mimi hufunga sola na kutengeneza pikipiki, Bungoma. Nilitaka kujua betri ya sola ya Ah 200 inatoa ampea ngapi, nikaweka waya kwenye tundu la 10A na kugusa vichwa vya betri. Kukatokea cheche, na tangu hapo upande wa ampea haufanyi kazi. Nilifungua nikakuta fyuzi imekatika, nikafunga uzi wa shaba. Sasa inasoma, lakini rafiki yangu ananiambia ni hatari. Je, ninunue mita mpya?*

Rafiki yako anasema kweli. Toa huo uzi leo, kabla ya kupima kitu kingine chochote.

Tueleze kwanza kilichotokea. Tundu la ampea ndani yake ni kipande kinene cha waya chenye ukinzani wa kama omu 0.01. Ukiweka waya kwenye tundu hilo na kugusa vichwa viwili vya betri, hupimi betri, unaiunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Betri kubwa ya sola inaweza kusukuma maelfu ya ampea kwa muda mfupi. Ulichoona ni fyuzi ikifanya kazi yake. Siku nyingine ukisahau waya kwenye tundu hilo na kupima soketi, uzi wako wa shaba hautakatika kwa utulivu. Utayeyuka na kuwa mvuke, mvuke utapitisha umeme, na mita itapasukia mkononi mwako.

Ampea hupimwa kwa kukata njia na kuipitisha ndani ya mita: waya wa chanya unatolewa, mita inakaa kati yake na mzigo. Tena angalia ukubwa. Paneli ya wati 550 hutoa kama ampea 14 ikiunganishwa ncha kwa ncha, kwa hivyo tundu la 10A halitoshi hata kwa paneli moja.

Sasa fyuzi. Katika mita za bei nafuu fyuzi ni ya kioo, milimita 5 kwa 20, na uwezo wake wa kukata mkondo mkubwa ni mdogo. Nyingine nyingi zina fyuzi upande wa miliampea peke yake, na tundu la 10A halina chochote. Utaona limeandikwa kwamba halina fyuzi. Mita nzuri zina fyuzi za kauri zilizojazwa mchanga, zinazoweza kukata ampea 10,000 na zaidi. Cheche ikitokea ndani, mchanga unayeyuka na kuizima. Kwa sola hilo lina uzito wa pekee, maana umeme wa stima hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde na cheche hupata nafasi ya kuzimika, ila umeme wa paneli haupiti sifuri kamwe. Kwa hivyo soma kwenye fyuzi kama imeandikwa volti za umeme wa betri, siyo za stima peke yake.

Uamuzi wako unategemea utakachokuta ukifungua. Kama ni mita nzuri yenye nafasi mbili kubwa za fyuzi za kauri, nunua fyuzi yenye ampea ileile, volti zilezile na urefu uleule. Fyuzi halisi ya aina hiyo inaweza kukugharimu zaidi ya mita nzima ya kawaida, na bado tunasema inunue, kwa sababu mita yenyewe ina thamani mara nyingi zaidi. Kabla ya kufunga, tazama kile kipande kinene cha waya. Kikiwa na rangi ya buluu au kimelegea kwenye lehemu, ampea zake hazitasomeka sawa tena. Kama ni mita ya bei ya chini ambayo 10A haina fyuzi, usihangaike nayo. Ziba tundu hilo kwa gundi ngumu, uitumie kwa volti na omu za pikipiki: betri iliyojaa na kutulia isome 12.6 hadi 12.8, na injini ikinguruma isome kama 13.8 hadi 14.5.

Kwa sola nunua mita ya kubana waya. Hapa wengi hutapeliwa, kwa hivyo soma vizuri: nyingi hubana na kupima ampea za stima peke yake, na kwenye waya wa paneli zitasoma 0 hata kama kuna ampea 10. Tafuta ile ambayo upande wa ampea una alama ya mstari mnyoofu wenye vistari chini yake, na kitufe cha kurudisha sifuri. Bonyeza kitufe hicho kabla ya kubana, kisha bana waya mmoja tu. Ukibana chanya na hasi pamoja, zinafutana na utasoma 0.

Mita yenye matundu tofauti ya ampea unaweza kuipima fyuzi bila kuifungua. Weka swichi kwenye omu, waya mwekundu uwe kwenye tundu la volti, kisha ingiza ncha yake nyingine kwenye tundu la ampea. Katika mita nyingi nzuri fyuzi kubwa ikiwa nzima husoma chini ya omu 0.5, na upande wa miliampea husoma karibu kilo-omu 1. Ikikataa kabisa, fyuzi imekwenda.

Swali: Mita saba za maabara zimekufa kati ya 12

*Ninasimamia maabara ya fizikia katika shule ya upili, Kaunti ya Kakamega. Tuna mita 12 ndogo za dijitali za aina moja. Saba hazifanyi kazi vizuri baada ya likizo ya Desemba na mazoezi ya wanafunzi. Bajeti ni ndogo. Tunaweza kuunganisha mbili kupata moja?*

Mwalimu, ndiyo, na pengine mtaokoa zaidi ya nusu. Zigawe mafungu matatu kabla ya kushika bisibisi.

Fungu la kwanza ni zile ambazo haziwaki. Fungueni mfuniko wa betri. Kama betri ilivuja wakati wa likizo mtaona unga mweupe au wa kijani. Betri za alkali zikivuja, futeni kwa kijiti cha pamba kilicholowa siki au maji ya limau. Zile za bei rahisi za kaboni, tumieni maji yenye soda ya kuokea kidogo. Zote malizieni kwa spiriti na kuziacha zikauke siku nzima. Kiunganishi cha betri kilicholiwa na kutu kikateni, mlehemu kingine: mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Kama uvujaji umefika kwenye mistari ya swichi na kuila, mita hiyo iwe ya vipuri.

Fungu la pili zinawaka na kupima volti ndogo vizuri, ila omu zinasoma ovyo. Hapa mwanafunzi alipima umeme huku swichi iko kwenye omu. Fungueni moja iliyo nzima na moja mbovu, mziweke sambamba, mlinganishe rezista moja baada ya nyingine. Inayoungua mara nyingi ni ya omu 900 au omu 100, na mara nyingine mtaiona imebabuka. Hizo hizo hutumika kugawa volti za juu, kwa hivyo nafasi ya volti 600 au 750 nayo inaweza kuwa imeharibika. Rezista ya omu 900 haipatikani kwa urahisi madukani. Chukueni ya omu 910 ya asilimia 1 mkaiunganishe sambamba na ya kilo-omu 82: jumla ni omu 900. Kwa kuwa asilimia 1 ya 910 ni omu 9, nunueni tano au sita, mzipime kwa mita nzuri, mchague iliyo karibu zaidi na 910.

Fungu la tatu zinasoma lakini zimehama. Safisheni swichi kwanza kama tulivyomweleza ndugu wa Kondele, wekeni betri mpya, kisha ndipo mguse ile rezista ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi iliyo kwenye bodi. Mkiigusa kabla ya kusafisha mtakuwa mnarekebisha uchafu. Kwa kulinganishia, kibodi kidogo chenye aisii ya AD584 hutoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10 kwa usahihi unaozidi kwa mbali mita hizi. Rekebisheni kwenye moja, mhakikishe kwenye nyingine tatu.

Vioo na kanda za zebra badilishaneni tu kati ya mita za toleo moja. Mita zinazofanana kwa nje mara nyingi ndani ni tofauti.

Mita zote zilizofunguliwa ziandikwe kwa wino usiofutika kwamba si za stima ya ukutani. Mazoezi ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ni ya seli kavu na volti chache, na hapo zitatosha kabisa. Na kila muhula ukiisha, betri zitoke zote ziwekwe kwenye mkebe.

Swali: Mshale umekwama kwenye 2

*Natengeneza redio Nakuru tangu zamani na bado natumia mita ya mshale. Mshale haurudi sifuri, na kwenye omu nikigusanisha waya haufiki mwisho hata nikizungusha kile kitufe. Vijana wananiambia niitupe.*

Mzee wetu, usiitupe bado. Mambo hayo ni mawili, usiyachanganye. Kutofika mwisho kwenye omu ni seli zilizochoka, basi. Badilisha seli zote kwa pamoja, na ukwangue kutu kwenye vibati vya kuzishika. Ikikataa kwenye nafasi moja tu, ile ya chini kabisa, na nyingine zinakubali, bado ni seli, kwa sababu nafasi ya chini ndiyo inayokula mkondo mwingi.

Kutorudi sifuri ndiko kwa kuchunguzwa. Laza mita mezani bila waya, uzungushe taratibu ile skrubu ya plastiki iliyo chini ya mshale. Ukikubali, maliza hapo. Ukigoma, pumulia kioo pumzi ya joto. Plastiki iliyopanguswa kwa kitambaa kikavu hubeba umeme tuli unaouvuta mshale, na kwa vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi hili hutokea sana. Mshale ukilegea baada ya pumzi, pangusa kioo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo na uache kikauke. Lakini ukihisi mshale unagota mahali palepale kila mara, kuna chembe ya chuma imeingia kwenye mwanya wa sumaku, au egemeo limepinda baada ya kuanguka. Kazi hiyo ni ya fundi wa saa, na kwa mita ya kawaida haina faida.

Mita ya mshale ina kazi zake ambazo dijitali haizifanyi vizuri: kuona kapasita ikijaa, au kukagua potenshomita ya redio, ile ya kuongeza na kupunguza sauti, kama ina mkwaruzo, mshale unaonyesha papo hapo. Wewe unajua, ila vijana wako huenda hawajui, kwamba kwenye omu waya mweusi wa mita nyingi za mshale ndio chanya. Ukiwaachia mita ya dijitali pembeni, diodi moja (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) itaonekana nzuri huku na mbovu kule. Kwa stima ya ukutani, mpe mita nyingine kazi hiyo.

Swali: Mota ya kinu, Molo

*Natunza mota za awamu tatu za vinu na mashine za kupasua mbao. Mita yangu imeandikwa CAT II 600V. Inasoma vizuri na mota ni za volti 415. Kuna haja ya kubadilisha?*

Ipo, na usingoje ife. Volti 600 zilizoandikwa hazizungumzii 415 peke yake. CAT inaeleza mshtuko wa ghafla ambao mita inaweza kuuvumilia, kwa mfano radi ikipiga laini au mota kubwa ikizimwa. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. Bodi za usambazaji na mota zilizofungwa moja kwa moja ni CAT III. Kwenye mita ya kampuni ya stima na waya unaoingia kutoka mlingotini ni CAT IV.

Kwako kuna jambo jingine. Viwango hivyo kwa kawaida huandikwa kwa matumizi hadi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Nakuru mjini uko chini ya hapo, lakini Molo iko juu ya mita 2,400. Huko hewa ni nyepesi na cheche huruka mwanya kwa urahisi zaidi. Mwanya unaotosha kwenye mwinuko wa mita 2,000 unapaswa kuongezwa kwa asilimia 14 kwa mwinuko wa hadi mita 3,000. Usinunue kipimo kinachokutosha barabara. Chukua CAT III 1000V au CAT IV 600V, na waya zake ziwe za kiwango hicho hicho, maana mita na waya huhesabiwa kwa kile kilicho dhaifu.

Maandishi yenyewe yasikutoshe. Tafuta alama ya maabara huru kama UL, CSA, TÜV au VDE, kisha mwombe muuzaji akufungulie mfuniko wa fyuzi. Mita iliyochapwa CAT III 1000V ndani ikiwa na fyuzi moja ndogo ya kioo ya volti 250, irudishie hapo hapo.

Kama mteja wako ni kiwanda kinachodai cheti cha usahihi, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lina maabara ya vipimo Nairobi inayofanya kazi hiyo. Kwa mita ya bei ya chini cheti hakina maana.

Swali: Mita mpya inasoma 87 kwenye waya uliokatwa

*Nimenunua mita mpya baada ya ya zamani kufa. Nikiwa Siaya nilipima waya wa taa ambao nimeuzima, ikasoma 87. Nimeuziwa mbovu?*

Hapana. Mita nzuri ya dijitali ina ukinzani wa mega-omu 10, kwa hivyo hainywi umeme karibu wowote. Waya uliokatwa ukipita kwenye paipu moja na waya wenye moto, unaokota umeme kidogo kupitia mpira, na mita inauona. Ile ya zamani huenda ilikuwa na mega-omu 1 na ikaumeza bila kuonyesha.

Chukua balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani, siyo ya LED, iliyo kwenye kishikio chenye waya mbili. Iunganishe kati ya waya huo na nyutro (waya wa kurudishia umeme), huku mita ikiendelea kupima. Namba ikianguka hadi karibu 0 na balbu isiwake, ulikuwa umeme wa kuokota. Ikibaki juu au balbu ikionyesha wekundu wowote, kuna njia nyingine inayoleta moto kwenye waya huo, na mara nyingi ni swichi iliyofungwa kwenye nyutro au waya wa taa ya chumba cha pili. Zima swichi kuu, ufungue kila boksi la swichi kwenye njia hiyo kabla ya kugusa.